Mzinga Unaorusha Kombora Juu ya Kilima

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Same na milima ya Upare

Natumaini mmekwisha kaa vizuri, kila mtu ana daftari lake, na mwalimu wa darasa ana chaki mkononi. Mliokaa nyuma sogeeni mbele kidogo ili msikie. Somo la leo si la mahindi wala la maji ya kunywa. Tutazungumza juu ya mzinga wa vita vya zamani, mzinga uliotengenezwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 ili uvutwe na farasi.

Najua wengine watauliza, mzinga una faida gani kwetu? Sababu ni hii. Siku moja nilitembelea darasa la watu wazima huko juu mlimani, Upare ya Kusini. Wanafunzi walikuwa wakisoma kwa sauti habari fupi juu ya Vita Kuu ya Kwanza, vita vya mwaka 1914 mpaka 1918, ambavyo vilipita hapa kwetu. Katika habari ile paliandikwa kwamba mzinga mmoja ulivutwa na farasi sita. Mama mmoja mzee, ambaye alianza kusoma mwaka ule ule, aliweka kidole chake juu ya neno "farasi," akaniangalia, akasema, "Mwanangu, farasi hao walipita wapi? Tangu nizaliwe sijaona farasi hapa Same." Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu la kumpa. Nilikwenda kutafuta, na somo hili ndilo jibu lake.

Mwalimu, andika ubaoni maneno haya matano: MZINGA, MTUTU, KOMBORA, BARUTI, MPAGAZI. Wanafunzi, yasomeni pamoja naye.

(Kituo kidogo.)

Neno la kwanza hamhitaji kufundishwa. Mzinga wa nyuki ni gogo lililochimbwa ndani likawa wazi. Mzinga wa vita nao ni bomba la chuma cha pua lililo wazi ndani, ila humo haitoki asali. Bomba lenyewe ndilo linaloitwa mtutu. Kombora ni kile kitu kizito kinachorushwa, nacho kina baruti yake ndani, kikifika kinapasuka. Na nyuma ya kombora, ndani ya mtutu, huwekwa baruti nyingine ya kulisukuma. Baruti hiyo ikiwaka hugeuka ghafula kuwa hewa ya moto, na hewa hiyo haina njia ya kutokea isipokuwa kulisukuma kombora mbele. Ndiyo sababu mtutu lazima uwe wa pua nzuri. Chuma kibaya kingepasuka na kuwaua wapigaji wenyewe. Wazee wa Upare wangelielewa jambo hili upesi, maana Washana wa Ugweno walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma na kufua majembe na mikuki tangu zamani sana, hata jirani zao Wachaga walinunua chuma kutoka kwao.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Mizinga iko ya namna nyingi, lakini leo tutenganishe namna mbili tu. Chukua jiwe. Nyani yuko katikati ya shamba lako la mahindi. Unalirusha jiwe kwa nguvu zako zote, nalo linakwenda karibu sawa na ardhi mpaka limpate. Lakini nyani akikimbilia nyuma ya nyumba, jiwe la namna hiyo litagonga ukuta. Hapo utafanya nini? Utalirusha jiwe juu, lipite paa, lianguke upande wa pili. Tena hutatumia nguvu zote, maana ukizidisha, jiwe litampita nyani na kuangukia ua wa jirani.

Mzinga wa kawaida hufanya kama lile jiwe la kwanza. Mtutu wake ni mrefu, baruti yake ni nyingi, na kombora huenda mbali kwa njia iliyonyooka. Howitza hufanya kama jiwe la pili. Mtutu wake ni mfupi, baruti yake ni kidogo, na mdomo wake huinuliwa juu. Kombora hupanda, hupita juu ya kilima, kisha hushuka kwa mtu aliyedhani amejificha.

Watu wa Ulaya walijifunza haja ya howitza kwa njia ngumu. Mwaka 1877 Warusi walipigana na Waturuki katika mji wa Plevna, ambao sasa uko katika nchi ya Bulgaria. Waturuki walichimba mahandaki wakaingia ndani ya ardhi. Mizinga ya Warusi ilipiga kwa kunyoosha, na makombora mengi yakaingia katika vifusi vya udongo au yakapita juu ya vichwa vya watu. Baada ya hapo majeshi mengi yakataka mzinga wa kurusha juu, lakini uwe mwepesi kiasi cha kufuatana na askari kila waendako, siyo ule mkubwa wa kupigia ngome. Waingereza walipata howitza yao ya inchi 5 miaka ya 1890, wakaitumia katika vita vya Omdurman, Sudani, mwaka 1898. Wajerumani walitengeneza ya kwao mwaka huo huo wa 1898, yenye mdomo wa sentimita 10.5. Hiyo ya Wajerumani ndiyo nitakayoieleza, kwa sababu ndiyo inayohusu nchi yetu.

Mdomo wa sentimita 10.5 ni upana gani? Panueni kidole gumba na kidole cha shahada mkononi mwenu, kisha vikaribisheni kidogo. Ni karibu hapo. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa meta 1.6 hivi, yaani kimo cha mwanamke wa kadiri. Mzinga wote, pamoja na magurudumu yake mawili makubwa ya mbao, ulikuwa na uzito wa kilo 1,225 ukiwa tayari kupiga. Huo ni uzito wa magunia kumi na mawili ya mahindi, gunia la kilo mia, na kidogo zaidi. Kombora lake lilikuwa na kilo 15.8, au ratili 35 kwa kipimo cha zamani. Mwalimu, tafadhali andika hesabu hiyo ya kombora pembeni mwa ubao, usiifute. Tutaihitaji baadaye.

Mdomo uliweza kuinuliwa mpaka digrii 40. Digrii 90 ni kusimama wima kama mwembe, digrii 0 ni kulala chini kama mkeka. Kwa hiyo 40 ni karibu nusu ya kusimama. Kombora likitoka lilikuwa na mwendo wa meta 302 kwa sekunde moja, na liliweza kufika meta 6,300, karibu maili nne. Likipigwa kwa umbali huo lilipanda angani zaidi ya kilometa moja, nalo lilikaa hewani zaidi ya nusu dakika kabla ya kuanguka. Hesabuni polepole moja mpaka thelathini, mtajua jinsi ulivyo muda mrefu kwa mtu anayeusubiri.

Lakini msifikiri kwamba howitza ingekaa Same mjini na kupiga Gonja upande wa pili wa milima. La. Milima yetu ni mipana kuliko nguvu zake. Ilifaa kwa kilima kimoja au mgongo mmoja wa mlima. Na mpigaji hakumwona anayempiga. Mtu mwingine alipanda juu mahali pa kuonea, akatazama kombora limeanguka wapi, kisha akapeleka habari chini, ongeza, punguza, kulia, kushoto. Baruti ilifungwa katika vifuko vidogo vidogo, hata wapigaji wakitaka kombora lianguke karibu walitoa vifuko kadhaa. Nadhani kila mama anayepima chumvi ya mboga kwa vidole anajua ufundi huo.

Jambo moja bado, nalo ni teke. Bunduki ikipigwa hupiga bega teke. Mzinga nao hupiga teke, lakini teke lake ni la kilo elfu na zaidi. Howitza ya mwaka 1898 ilipopigwa, yote nzima iliruka nyuma kwa magurudumu yake. Wapigaji walipaswa kuisukuma irudi mahali pake na kuilenga upya, kila mara. Kwa hiyo haikupiga upesi. Miaka michache baadaye kiwanda cha Krupp huko Essen kilitengeneza upya gari la mzinga huo. Mtutu uliwekwa juu ya kitanda cha chuma, ukaweza kuteleza nyuma peke yake, ukizuiwa na springi na silinda yenye kimiminika, kisha ukarudi wenyewe. Magurudumu hayakuhama. Howitza hii iliyotengenezwa upya ilikubaliwa jeshini mwaka 1909, na Wajerumani wakaiita kwa miaka yake miwili pamoja, 98/09.

Sasa twende kwa farasi wa yule mama.

Katika Ulaya mzinga haukusafiri peke yake. Mkia wake uliunganishwa na kigari kidogo cha mbele, chenye magurudumu mawili na sanduku la makombora. Farasi sita walifungwa mbele ya kigari hicho, wawili wawili. Watu watatu waliwapanda farasi wa upande wa kushoto, kila mmoja akimwongoza wake na yule wa kulia. Katika barabara nzuri za Ujerumani, penye majani na shayiri, farasi hao walikwenda bila shida. Ndiyo maana katika maelezo ya mzinga huu imeandikwa, farasi sita. Aliyeandika hakusema uongo. Aliandika habari za nchi yake.

Katika nchi yetu kulikuwa na adui ambaye hakuandikwa katika vitabu vya mizinga, naye ni mbung'o. Mbung'o akimwuma farasi humtia ugonjwa wa nagana. Farasi hukonda, huvimba, hulegea, hufa. Nyumbu na ng'ombe nao hufa. Mwezi wa Aprili 1916 askari wapanda farasi kutoka Afrika ya Kusini, wakiongozwa na Jenerali van Deventer, walikwenda kutoka upande wa Arusha mpaka Kondoa. Farasi wao walikufa kwa mamia njiani, na askari wengi waliobaki walifika kwa miguu. Basi, mama, farasi walikuja kweli, lakini nchi iliwamaliza.

Na mizinga ilikujaje? Mizinga mikubwa ya kwanza ya Wajerumani hapa haikuwa howitza. Ilitoka katika meli yao ya vita iitwayo Königsberg, ambayo ilizamishwa katika mto Rufiji mwezi wa Julai 1915. Wajerumani waliopoa mizinga yake kumi, wakaitengenezea magari ya magurudumu katika karakana ya reli ya Dar es Salaam. Tazameni ajabu hii. Mizinga hiyo nayo ilikuwa na mdomo wa sentimita 10.5, sawa kabisa na ile howitza. Lakini mtutu wake ulikuwa na urefu wa zaidi ya meta nne, na kombora lake lilifika karibu kilometa 12. Mdomo mmoja, kazi mbalimbali. Mmoja ulirusha mbali kwa kunyoosha, mwingine ulirusha karibu kwa kupanda na kushuka. Mmojawapo wa mizinga hiyo ya meli uliwekwa Kahe, jirani zetu hapo, na Wajerumani wakaulipua wenyewe mwezi wa Machi 1916 kabla hawajarudi nyuma.

Mwezi huo huo wa Machi 1916 meli nyingine ya Wajerumani, jina lake Marie, ilipenya kati ya meli za Waingereza ikaingia ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi. Ndani yake zilikuwamo howitza nne za sentimita 10.5, mizinga miwili midogo ya milimani, makombora, risasi, na dawa. Kutoka Sudi hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Vitu vyote vile vilibebwa na watu.

Wakati huo majeshi ya Waingereza, chini ya Jenerali Smuts, yalikuwa kaskazini yakingoja mvua za masika ziishe. Mwezi wa Mei 1916 yakashuka kwetu kwa njia tatu. Kundi moja lilifuata mto Pangani. Kundi moja lilifuata reli, ile iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga na kufika Moshi mwaka 1911. Kundi la tatu lilitoka Mbuyuni likapita katika pengo la Ngulu, kati ya milima yetu. Wajerumani waling'oa reli na kuvunja madaraja wakirudi nyuma. Kabla Mei haijaisha, Same ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na mapigano yakasonga mbele kwenda Mikocheni na Buiko. Stesheni ya Same, ambayo wengi wenu mnaijua, ilikuwa mahali pa kushushia mahindi na risasi za jeshi moja, kisha za jeshi jingine.

Baadhi ya howitza zilizokuja na Marie zilipigana kusini. Mwezi wa Desemba 1916 Wajerumani walipeleka mizinga mikubwa Kibata, katika vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa. Mahali penyewe ni vilima juu ya vilima, kama kwetu, na Desemba mvua hunyesha. Huko howitza ilikuwa mahali pake hasa, maana Waingereza walikaa juu ya migongo ya vilima katika mahandaki yao. Lakini nani aliyeifikisha? Farasi sita hawakuwapo. Mizinga ilifungwa kamba, na watu wakaivuta kwa mikono kupanda vilima katika matope, wengine wakikata miti mbele, wengine wakiweka magogo chini ya magurudumu ili mzinga usirudi nyuma ukawaponda. Mvua ikinyesha, gurudumu la mbao lenye bati la chuma huzama. Likizama, hushikwa na kuinuliwa na watu wale wale.

Hili ndilo neno la tano ubaoni, mpagazi. Pande zote mbili zilichukua wapagazi. Watu walitolewa katika nchi yote ambayo majeshi yalipita, Upare ikiwamo. Wengine waliajiriwa, wengi walikamatwa tu, kijana anatoka shambani jioni anakutana na watu wa serikali njiani. Wapagazi waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, nao hawakuuawa zaidi na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na homa, na vichomi, na njaa. Jina la Kariakoo, soko lile kubwa la Dar es Salaam, lilitokana na kambi ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza iliyokuwa hapo. Mtu anayenunua ndizi Kariakoo hulitaja jeshi la wapagazi bila kujua. Mimi nilisoma mpaka Chuo Kikuu, na jambo hilo nililijua nikiwa na diploma yangu mfukoni, si kabla. Vitabu vingi vya mizinga nilivyovisoma vilinieleza unene wa mtutu, idadi ya vifuko vya baruti, hata rangi ya farasi. Majina ya watu walioivuta Kibata sikuyakuta.

Haya, sasa tufanye hesabu. Mwalimu, ile namba ya pembeni bado ipo? Kilo 15.8.

Katika safari za zamani mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 hivi, yaani kilo 27. Je, mtu mmoja aliweza kubeba makombora mawili? Jumlisheni, 15.8 na 15.8. Mnapata kilo 31.6. Hapana, ni mazito mno. Basi alibeba kombora moja, pamoja na baruti yake ya kulisukuma na sanduku la mbao. Kombora moja, mtu mmoja. Mzinga ukipiga makombora 60 asubuhi moja, ujue watu 60 wametembea kuyaleta, na kombora la kila mmoja wao limekaa hewani nusu dakika.

Tena watu hao hula. Tuseme safari ni ya siku 20, na kila mpagazi hupewa unga kilo moja kwa siku. Kwenda atakula kilo 20. Kurudi atakula kilo 20 nyingine. Jumla kilo 40, na alichobeba kwa ajili ya vita ni kombora la kilo 15.8. Mnaona? Chakula chake ni kizito kuliko mzigo wake. Kwa hiyo nyuma ya mpagazi wa kombora lazima waje wapagazi wa unga, na wapagazi wa unga nao wana matumbo. Ofisa akipunguza wapagazi wa unga, hesabu haigomi, ila watu walio mwishoni mwa mstari wanakufa njaa. Mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Wenyeji wa njiani nao walinyang'anywa mahindi yao na ng'ombe wao, wakabaki bila mbegu.

Waingereza walijaribu magari ya mota, na katika nchi kavu yalisaidia. Walikuwa na howitza za inchi 5.4 zilizobuniwa kwa jeshi la India, wakazivuta kwa magari na kwa ng'ombe. Mvua ikishuka magari yalikwama, ng'ombe wakafa, na kazi ikarudi kwa watu.

Muda wetu unakwisha. Mwalimu, futa ubao, lakini bakiza neno MPAGAZI, na chini yake andika hesabu hii, kila mwanafunzi ainakili katika daftari lake. Howitza moja inahitaji makombora 100. Safari ni siku 20 kwenda na siku 20 kurudi. Kila mpagazi hubeba kombora moja, na hula kilo moja ya unga kwa siku. Swali la kwanza, unga wote wa wapagazi wa makombora ni kilo ngapi? Swali la pili, kama kila mpagazi wa unga hubeba kilo 27, wanahitajika wapagazi wangapi wa kuubeba unga huo, kabla hawajala wao wenyewe? Wenye wazee nyumbani waulizeni kama walipata kusikia habari za vita hivyo kwa babu zao, nani alichukuliwa, nani alirudi, na mliyoyasikia yaandikeni kwa mistari mitano au sita.

Majibu tutayasahihisha juma lijalo saa hii hii. Na wewe mama uliyeuliza habari za farasi, kama unanisikiliza huko juu, naomba siku hiyo usimame wewe kwanza ubaoni.

Kwaherini.